Mashine Yenye Maneno na Mwanafunzi wa Sola

Kila chombo kipya cha maarifa kiingiapo katika nyumba ya elimu hukuta watu wa namna mbili mlangoni. Wa kwanza hukishangilia kabla hawajakijua; wa pili hukifukuza kabla hawajakijaribu. Chombo cha siku zetu ni kile ambacho baadhi ya watu hukiita akili mnemba, wengine akili bandia, na wengine akili unde. Mimi nitalitumia jina la tatu, kwa sababu limetoka katika kitenzi kuunda, nalo latukumbusha jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kwamba akili hiyo imeundwa na watu, kama jahazi linavyoundwa, na chombo kilichoundwa hakijui kiendako mpaka kipate nahodha.

Kusudi la insha hii ni kuuliza swali moja la historia. Nchi yetu ilipokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza ilitenda nini, ilipata nini na ilipoteza nini. Na fundisho la mambo yale lamfaa nini mwalimu wa chuo kikuu leo? Ili maneno yasielee hewani, nitayafunga mahali pamoja, nayo ni Sola, katika mkoa wa Simiyu, pande za Maswa, katika nchi ya Wasukuma na ya pamba. Nitamdhania mwanafunzi aliyezaliwa huko, akasoma, akafika chuo kikuu. Simtaji mtu fulani. Namtaja kwa sababu walio mfano wake ni wengi, na kwa sababu kanuni yoyote ya kutumia akili unde ambayo haimfai yeye si kanuni ya haki.

Tutazame kwanza safari ya lugha aliyoisafiri. Nyumbani alizungumza Kisukuma. Alipoingia shule ya msingi alikuta Kiswahili, ambacho tangu ule mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Alipoingia sekondari alikuta Kiingereza kimekalia kiti, na chuoni akakikuta tena. Basi huyu, anapoketi kuandika insha ya mwaka wa kwanza, anaandika kwa lugha yake ya tatu, juu ya mambo ambayo aghalabu aliyajua kwanza kwa lugha ya kwanza. Mwenzake aliyelelewa mjini katika nyumba ya Kiingereza hakusafiri safari hiyo. Wote wawili hupewa swali moja, muda mmoja na kipimo kimoja.

Mbele ya mwanafunzi huyu ikawekwa mashine iwezayo kuandika kurasa tatu za Kiingereza kilichonyooka katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Ni nani asiyeona kwamba kishawishi hakiwi sawa kwa wote? Aliye mwepesi wa Kiingereza huikopa mashine ili kupunguza kazi. Aliye mzito huikopa ili kuficha aibu. Wa kwanza akiiacha hapotezi kitu. Wa pili akiiacha aonekana mjinga, na akiitumia aonekana mwizi. Hapo ndipo neno kuwajibika linapopata uzito wake, na hapo ndipo historia inapotufaa.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Ilitazamiwa kuharakisha hesabu za serikali. Lakini kazi ya hesabu ilipohamishiwa katika mitambo, waliojua mitambo hawakuzijua vema hesabu za nchi hii, na waliozijua hesabu hawakufundishwa mitambo. Wataalamu wengi walikuwa wageni, vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na hesabu zikaingia katika machafuko. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, ila kwa ruhusa maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini ilikwisha kuacha pengo.

Wako wanaoitaja marufuku ya 1974 kwa kicheko, kama ushahidi wa hofu ya washamba mbele ya maendeleo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Serikali ilikuwa na haki kukasirika: chombo ghali kililetwa bila watu wa kukiongoza, na hasara ikabebwa na umma. Lakini dawa iliyochaguliwa haikulingana na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ukosefu wa maarifa, na dawa ikawa kuondoa kitu ambacho kwacho maarifa hayo yangepatikana. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, na la pili lilizaliwa na la kwanza. La kwanza lilikuwa kukabidhi kazi kwa mashine kabla ya kuwafundisha watu. La pili lilikuwa kuifukuza mashine badala ya kuwafundisha watu. Atazamaye vizuri ataona kwamba katika yote mawili kilichokosekana ni kitu kimoja, yaani mafunzo.

Mwaka huo huo wa 1974 una kumbukumbu nyingine. Ndio mwaka wa Azimio la Musoma, ambalo, pamoja na kuhimiza elimu ya msingi kwa watoto wote, lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Nyuma yake lilisimama wazo ambalo Mwalimu Nyerere alikwisha kulieleza mwaka 1967: kwamba mtihani unaopima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapotakiwa haupimi uwezo wa kufikiri wala moyo wa kutumikia. Yako mengi ya kubishana juu ya namna Azimio hilo lilivyotekelezwa, lakini swali lake halijazeeka. Sasa tumeletewa mashine ambayo kazi yake hasa ni kutoa mambo yanapotakiwa. Ikiwa mashine yaweza kuufaulu mtihani wetu bila kufikiri, basi mtihani huo haukuwa ukipima fikira, na lawama ya kwanza yamwangukia aliyeutunga.

Isidhaniwe kwamba historia yetu na kompyuta ni ya hasara tupu. Iko njia ya tatu, nayo ilipitwa na wanazuoni wa Kiswahili wenyewe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Idara ya Kiswahili ikafuata mwaka 1970 ikifundisha masomo yake kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani katika chuo kikuu. Tangu mwaka 1985 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili, viambishi na ngeli zake. Na kati ya mwaka 1988 na 1992 watafiti wa Helsinki na wa Dar es Salaam walishirikiana kukusanya lahaja na masimulizi kutoka vinywani mwa wenyewe. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux ulitoa programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili, na ili kuitoa ilibidi watu waketi na kuamua maneno: faili liitweje, dirisha liitweje, kufuta na kuhifadhi kusemweje.

Katika kazi hizo mashine haikupewa nafasi ya mwalimu. Ilipewa nafasi ya mwanafunzi. Watu waliifundisha, na katika kuifundisha wakaijua lugha yao zaidi kuliko walivyoijua kwanza. Kwani asiyeweza kueleza kwa nini twasema kiti kimevunjika na meza imevunjika hawezi kuifundisha kompyuta upatanisho wa ngeli. Nashika neno hili kama nguzo ya insha yangu: chuo kikuu hutumia mashine kwa uwajibikaji pale ambapo mwanafunzi hubaki mkaguzi wake, na huitumia vibaya pale ambapo mwanafunzi hugeuka tarishi wake, wa kuchukua maneno hapa na kuyafikisha pale.

Mnamo tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliitoa hadharani ChatGPT, na tangu siku hiyo jambo lililokuwa la wataalamu wachache likawa la kila mwenye simu. Yafaa kueleza kwa kifupi namna inavyofanya kazi. Mashine hiyo imesomeshwa maandishi mengi kupita kiasi cha maisha ya watu elfu, na kutokana na maandishi hayo imejifunza kubashiri neno lipi laelekea kufuata baada ya maneno yaliyotangulia. Haichagui neno kwa kuwa ni kweli, bali kwa kuwa laelekea kufuata. Kwa hiyo husema kweli mara nyingi, kwa sababu watu wengi waliandika kweli. Lakini ikikosa, hukosa kwa sauti ile ile ya uhakika. Huweza kutaja kitabu ambacho hakijaandikwa, mwandishi wake, mwaka wake na ukurasa wake, bila haya usoni, maana uso haina.

Dunia ilipoipokea, ilirudia mambo yetu ya 1974 kwa mwendo wa haraka. Mwezi Januari 2023 shule za umma za jiji la New York zilizuia ChatGPT katika mitambo yao. Mwezi Mei mwaka huo huo zikaifungua. Mwezi Septemba UNESCO ilitoa mwongozo juu ya akili unde katika elimu na utafiti, ikisisitiza kwamba binadamu abaki na uamuzi na kwamba walimu waandaliwe. Hayo ndiyo Wizara yetu ya Fedha ingalihitaji kuambiwa mwaka 1965.

Lakini kati ya kufukuza na kukaribisha kukazuka jambo la tatu, lenye hatari kubwa zaidi kwa mwanafunzi wetu wa Sola: mashine za kuwakamata watumiao mashine. Mwalimu huingiza insha, nayo mashine humwambia kwamba imeandikwa na mtu au imeandikwa na akili unde. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu mashine hizo kwa insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, na wakaona kwamba kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa kazi ya mashine. Sababu yake si ya ajabu. Ajifunzaye lugha ya kigeni hutumia msamiati mchache na miundo aliyofundishwa darasani, naye hufanana na mashine kwa kuwa hathubutu kutoka nje ya njia. Mwezi Julai wa mwaka huo OpenAI yenyewe iliiondoa mashine yake ya kukamata kwa kuwa haikuwa na usahihi wa kutosha.

Fikiri basi, msomaji, hali ya kijana aliyetoka Kisukuma akapita Kiswahili akafika Kiingereza kwa jasho, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaitwa na kuambiwa kwamba Kiingereza chake ni cha mashine. Atajiteteaje? Hana shahidi ila neno lake. Chuo kinachotoa adhabu kwa ushahidi wa namna hiyo kimefanya kosa la 1965 kwa sura mpya: kimeikabidhi mashine kazi ya kuhukumu bila kuijua.

Sasa tuigeuze sarafu. Je, mashine hii yajua nini juu ya Sola? Kiswahili yakijua, lakini kwa kuwa imelishwa Kiingereza zaidi, Kiswahili chake mara nyingi huvaa kanzu juu ya suruali ya Mzungu. Huweza kukuambia kwamba elimu inacheza jukumu kubwa, hali Mswahili hachezi jukumu, hulitimiza. Kisukuma, ingawa ni lugha yenye wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya jamii nchini Tanzania, kina maandishi machache, na mashine hula maandishi. Profesa Herman Batibo aliandika juu ya sauti na maumbo ya Kisukuma katika kitabu chake cha mwaka 1985, kwa Kifaransa. Lugha hiyo ina irabu saba na toni, mambo ambayo maandishi ya kawaida yenye irabu tano huyameza. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliorodhesha lugha zaidi ya 150. Kwa nyingi katika hizo akili unde ni bubu, au mbaya zaidi, ni mropokaji.

Chukua mfano wa udongo. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, alieleza katika jarida la kitaalamu kwamba katika Afrika Mashariki aina za udongo hufuatana kama mnyororo kutoka kilimani hadi bondeni. Wazo hilo limeingia katika vitabu vya udongo duniani kote. Lakini mkulima wa Kisukuma alikuwa na majina ya pete za mnyororo huo: luseni, udongo wa mchanga, itogolo na ibambasi, ardhi ngumu iliyo chini zaidi, na mbuga, udongo mweusi mzito wa bondeni. Kadhalika ana neno ngitili kwa malisho yanayofungwa majira ya mvua ili mifugo ipate kula wakati wa kiangazi, na hutofautisha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza. Haya ni maarifa. Bibi wa Sola anayo. Mashine inayo nusu, au haina.

Hapa ndipo mwalimu wa chuo kikuu apatapo silaha yake. Badala ya kumwagiza mwanafunzi aeleze maana ya uhamishaji wa maana za maneno, swali ambalo mashine hulijibu kabla hajamaliza kuliandika, na amwagize hivi. Kwanza, wakati wa likizo akusanye maneno thelathini ya kilimo au ya ufugaji kwao, kutoka kwa wazee wawili, kwa idhini yao, na aandike kila neno alilisikia kwa nani na katika sentensi gani. Pili, aiulize akili unde maana ya maneno hayo, na aweke majibu yake pembeni bila kuyasahihisha. Tatu, aandike insha ya kuhukumu: mashine imepatia wapi, imekosa wapi, imebuni wapi, na kwa nini. Nne, asimame mbele ya wenziwe dakika kumi na aulizwe maswali. Katika zoezi la namna hii mashine haikukatazwa wala haikuabudiwa. Imeletwa darasani kama shahidi, na shahidi huhojiwa.

Tena tazama jinsi mizani inavyogeuka. Katika insha ya kawaida mtoto wa Sola alikuwa nyuma kwa hatua mbili za lugha. Katika zoezi hili hatua zile zimekuwa mali, kwa kuwa ana maneno ambayo mwenzake wa mjini hana budi kuyatafuta. Sisemi kwamba zoezi moja litaondoa taabu ya lugha ya kufundishia, ambayo ni ya sera na ya miaka mingi. Nasema kwamba mwalimu hahitaji kungojea sera ili atunge swali la haki.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu mwenye wanafunzi mia nne hawezi kumsikiliza kila mmoja. Ni kweli, lakini aweza kuwagawa katika makundi, aweza kuwasikiliza wachache kwa kupiga kura bila kutangaza majina mapema, na aweza kuandikisha sehemu ya kazi darasani kwa kalamu na karatasi. Watasema pia kwamba si kila mwanafunzi ana simu nzuri au vifurushi vya intaneti. Hilo nalo ni kweli, na kwa hiyo kazi itakayohitaji mashine ifanyike chuoni kwa vifaa vya chuo, au mwalimu mwenyewe alete majibu ya mashine yaliyokwisha kuchapishwa.

Wala isidhaniwe kwamba naikana faida yake. Mwanafunzi asiyeelewa aya ya Kiingereza aweza kuitaka mashine imfafanulie kwa Kiswahili saa nane za usiku, wakati ambapo hakuna mwalimu aliye macho, na aweza kuuliza tena na tena bila kuchekwa. Kwa aliyekua akiogopa kunyosha mkono darasani, hili si jambo dogo. Mstari wa haki wapita hapa: kuuliza ili uelewe ni kujifunza, kuagiza ili usielewe ni kujidhulumu. Naye aliyeitumia aseme ameitumia wapi, kama tunavyotaja vitabu tulivyovisoma.

Uwajibikaji huo wamhusu mwalimu kwanza. Asiyeruhusu wanafunzi wake kuandikiwa na mashine asiruhusu mashine isahihishe kazi zao kwa niaba yake bila kuzisoma, wala asizimimine insha zao, zenye majina na habari zao, katika mitambo ya kampuni za mbali bila ridhaa yao. Na sote tukumbuke kwamba usafi wa mashine hii una jasho la jirani zetu: mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa Kenya walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi machafu na ya kutisha, ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Chombo kiitwacho akili kina mikono ya watu ndani yake.

Wanafunzi wa kwanza wa chuo chetu kikuu, walioanza masomo ya sheria Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Ilichukua miaka, na mabishano mengi, mpaka mwezi Julai 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposimama kwa jina lake na kutoa shahada kwa hukumu yake. Haki ile ya kusema huyu amejua na huyu bado, ilitafutwa. Haitakuwa busara kuirudisha ng'ambo, safari hii kwa mtambo, eti kwa sababu tumechoka kusoma kazi za wanafunzi. Jina lililoandikwa juu ya karatasi ni ahadi ya mwanafunzi kwamba yaliyomo ayajua na yuko tayari kuyajibia. Na alama iliyoandikwa chini yake ni ahadi ya mwalimu kwamba ameyasoma. Ahadi hizo mbili zikitimizwa, mashine na ije. Zisipotimizwa, hata kalamu ya wino ni hatari.